Tusifukie Visima vya Baba Zetu

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tunasoma habari za Isaka alipokaa katika bonde la Gerari. Baba yake, Abrahamu, alikuwa amechimba visima katika nchi ile. Abrahamu alipokufa, Wafilisti walivifukia visima hivyo kwa udongo. Hawakuvifukia kwa sababu maji yalikuwa mabaya. Walikuwa na wivu. Isaka alipofika hakuanza kwa kutafuta maji mapya. Alianza kwa kuvifukua visima vya baba yake, akavirudishia majina yale yale ya zamani. Watumishi wake walipochimba vingine, wachungaji wa Gerari walivigombania. Cha kwanza kikabaki na jina la ugomvi, cha pili kikabaki na jina la uadui. Cha tatu hakikugombaniwa, naye akakiita Rehobothi, yaani nafasi, kwa kuwa Bwana alikuwa amewafanyia nafasi katika nchi.

Wengi huisoma habari hii kama habari ya mfugaji wa kale. Sisi tunaoishi Keza na vijiji vingine vya Ngara na Biharamulo tunaisoma kama habari ya wiki hii. Nasi tulirithi visima, na nasi tunavifukia. Tofauti ni kwamba Wafilisti walifukia visima vya mgeni, na sisi tunafukia vya kwetu wenyewe, kisha tunasali novena ya kuomba mvua.

Makala hii ni ya kukemea. Tunaanza kwa kujikemea sisi wenyewe tulio ndani ya Kanisa, ndipo tupate haki ya kuwakemea walio nje.

Koki yenye kutu

Tuseme tulichokiona. Katika kigango chetu kimoja ulijengwa mradi wa maji: kisima kirefu, pampu ya sola, tenki juu ya kilima, na vituo vya kuchotea vyenye koki mbili mbili. Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa, ngoma zikapigwa, akina mama wakapiga vigelegele. Kwa muda wa miaka miwili hivi tulikunywa maji safi kwa shilingi 50 kwa ndoo ya lita 20. Kisha pampu ikazima.

Haikuzimwa na radi wala na ukame. Kiliharibika kifaa kimoja tu, na kwa hesabu yetu fedha zilizokusanywa kwenye koki zile zingekinunua mara kadhaa. Tulipouliza fedha ziko wapi, huyu alisema ziko kwa yule, na yule alisema daftari lililowa na mvua. Hatukuuliza tena. Ndivyo tulivyo: tunauliza mara moja kwa sauti ya chini, tukijibiwa kwa ukali tunakwenda zetu.

Kiangazi chote cha Juni hadi Agosti, na mwezi wa Septemba juu yake, tulirudi bondeni. Ukifika kwenye chemchemi saa kumi na moja alfajiri unakuta madumu yamepangwa mstari, moja limewekewa jiwe, jingine limefungwa jani la mgomba, ili kila mwenye lake alitambue. Wenye madumu hayo ni akina mama na mabinti zetu. Wanaume tulikuwapo pia, lakini tulikuwa na baiskeli, na dumu tulilopandisha kilimani tuliliuza shilingi 500. Maji yale yale wanayokunywa ng'ombe upande wa chini, tuliwauzia wajane kwa bei mara kumi ya ile ya koki. Kisha watoto wakaanza kuharisha.

Ikaja Jumapili ya ubatizo wa watoto wachanga. Kabla ya Misa, mama mmoja wa jumuiya yetu alimwuliza Padre, kwa heshima zote, "Baba, haya maji utakayoyabariki, yametekwa na nani, na yametoka wapi?" Yalikuwa yametekwa na binti wa miaka kumi na miwili, kwenye chemchemi ile ya ng'ombe, na siku mbili zilizotangulia hakwenda shule kwa sababu ya foleni. Padre alinyamaza kidogo, akasema swali lile si la kwake peke yake. Alisema kweli. Ni la kwetu sote, na makala hii ni jaribio la kulijibu.

Visima tulivyoachiwa

Vijana wetu hudhani kwamba habari ya maji ya umma ilianza juzi. Haikuanza juzi. Mwaka 1971 serikali ya TANU ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Ulikusudia kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji wa Tanzania awe na maji safi karibu na nyumba yake. Nchi ilikuwa maskini kuliko ilivyo leo, lakini ilithubutu kusema kwamba maji ni ya wote na kazi ya kuyaleta ni ya wote. Mwaka 1991 ulipofika lengo halikuwa limetimia. Mitambo ilikuwa imekufa, dizeli haikununulika, na kijiji kilichoambiwa kwamba kila kitu ni cha serikali kilikuwa kinaisubiri serikali ije kukaza nati.

Katika mkoa wetu wa Kagera, pamoja na Mwanza na Mara, ukaja mpango wa HESAWA kwa msaada wa Uswidi, kuanzia mwaka 1985 hadi 2002. Wazee wetu wanayakumbuka mafunzo ya vyoo, visima vifupi na pampu za mkono. Mwaka 2002 ikaja Sera ya Taifa ya Maji, iliyoweka kipimo ambacho kila Mkristo wa nchi hii angepaswa kukijua: walau lita 25 za maji safi kwa mtu mmoja kwa siku, mahali pa kuchotea pasipozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kwa watu 250. Mwaka 2019 Sheria Namba 5 ikaunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vikapewa kazi ya kuendesha miradi vijijini.

Kwa hiyo hatukosi sheria, wala hatukosi kumbukumbu ya watu waliojitolea. Tunachokosa ni uaminifu wa kila siku. Vituo vya maji vya vijijini vilipoorodheshwa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu vinne kati ya kila kumi vilikutwa havitoi maji. Maana yake, kwa kila watu kumi waliopigiwa ngoma za uzinduzi, karibu wanne walikuwa wamerudi bondeni. Hivyo ndivyo visima vilivyofukiwa. Udongo uliotumika ni uzembe, wizi mdogo mdogo, na ukimya wetu.

Tulichojifunza mwaka 1994

Watu wa Ngara hatuna haki ya kusahau thamani ya maji. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakiikimbia Rwanda. Walikusanywa Benaco, mahali palipochaguliwa kwa sababu palikuwa na ziwa dogo. Maji yalivutwa, yakatibiwa, yakagawiwa. Haikuwa kazi nyepesi, na milima yetu ililipa gharama kubwa ya kuni na miti.

Miezi mitatu baadaye kundi jingine kubwa lilivuka kuingia Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Ardhi ya huko ni miamba ya volkano, na kuchimba visima na vyoo kulikuwa kugumu. Wataalamu walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Benaco haikupata maafa ya ukubwa ule. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini maji yalikuwa miongoni mwa zilizo kubwa. Tuliyaona haya kwa macho yetu: kati ya watu wa taifa moja, katika mwaka mmoja, bomba lilikuwa mpaka kati ya uhai na kaburi.

Tukakumbushwa tena juzi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa homa ya Marburg wilayani Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kufa, waliothibitishwa na waliodhaniwa kuwa nao. Kila mlango ulibandikwa tangazo: nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni. Makanisani tuliacha kupeana mikono ya amani, tukaweka ndoo yenye koki mlangoni. Ndugu zetu, ndoo ile ilijazwa na nani? Kumwambia mtu anawe mikono katika kijiji ambacho koki imekauka ni sawa na kumwambia mwenye njaa aende kwa amani akaote moto na kushiba. Mtume Yakobo alikwisha kutuonya juu ya imani ya namna hiyo.

Mvua imebadilika

Wapo wanaosema, "Mvua imepungua, tufanyeje? Ni mapenzi ya Mungu." Tunawajibu kwa upole, kisha kwa ukali.

Kwa upole: ni kweli majira yamevurugika. Wakulima wetu wa maharage na kahawa hawahitaji kuelezwa. Dunia imepata joto kwa zaidi ya nyuzi moja tangu mataifa yenye viwanda yaanze kuchoma makaa ya mawe na mafuta kwa wingi. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Kwa hiyo hewa hukausha udongo kwa muda mrefu zaidi, kisha huumwaga mzigo wake kwa mkupuo. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua hata Dar es Salaam ikagawiwa maji kwa mgao. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, kwa jirani zetu wa Rwanda, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130. Desemba ya mwaka huo huo matope yaliishukia Katesh, huko Hanang. Ukame na gharika ni watoto wa mama mmoja.

Kwa ukali: mvua ya mkupuo ikishuka kwenye kilima chenye miti na nyasi, inaingia ardhini na kuilisha chemchemi hadi Agosti. Ikishuka kwenye kilima kilichokwanguliwa, inateremka na udongo wetu siku hiyo hiyo, inaziba banio, inaingiza kinyesi kwenye chemchemi, kisha inakwenda zake mtoni. Mvua ni ile ile, lakini kilima ni chetu. Nani alilima hadi ukingoni mwa chemchemi? Nani alipanda mikaratusi bondeni kwa sababu nguzo zina soko, na miti hiyo ikanywa maji usiku na mchana? Nani alifyatua matofali kwenye chanzo? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Tunaijua. Baadhi yetu tunaovunja mita hizo 60 tunapokea Komunyo kila Jumapili.

Hata hivyo hatutakubali aibu isiyo yetu. Afrika nzima inachangia chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotoka duniani. Mama wa Keza anayepikia mafiga matatu hakuharibu majira. Novemba 2022, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubaliana kuwe na mfuko wa kufidia hasara na uharibifu. Tunataka ahadi hiyo ifike hadi kwenye bomba, si kwenye semina. Na ikifika, ije kama deni linalolipwa, maana sadaka ni jambo jingine.

Majibu kwa watu watatu

Wa kwanza anasema, "Maji ni ya Mungu, kwa nini tuyalipie?" Tunamwambia: kaka, maji ni ya Mungu, lakini bomba ni la binadamu. Mungu alitoa ngano, hakutoa mkate uliookwa. Isaya anawaita wenye kiu wasio na fedha waje majini, nasi tunaamini mwaliko ule. Lakini asiye na fedha hakunywi bure kwa sababu pampu haina gharama. Anakunywa kwa sababu wenzake wamebeba sehemu yake. Wewe mwenye ng'ombe kumi na duka la sabuni unayekataa kulipa shilingi 50 humtetei maskini. Unajificha nyuma yake.

Wa pili anasema, "Mwenye uwezo achimbe kisima chake." Huyu tunamwogopa zaidi, kwa sababu ana heshima kijijini, na mara nyingi anakaa benchi la mbele. Akishachimba chake haji tena kwenye mkutano wa maji. Haulizi hesabu wala hampigii simu diwani. Kituo cha umma kinabaki na wajane, wazee na watoto, yaani watu ambao sauti zao hazisikiki kwa mtendaji, na mwaka unaofuata kinakufa. Hatusemi ni dhambi kuchimba kisima. Tunasema ni dhambi kuchimba kisima ili usiwajali tena jirani zako. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo wanene wanaokunywa maji maangavu, kisha wanayachafua yaliyobaki kwa miguu yao ili wenzao wanywe matope. Hatuhitaji tafsiri ndefu ya maneno hayo.

Wa tatu ni msomi. Anasema, "Tuwape wafanyabiashara, wao wanajua kuendesha." Tulijaribu. Mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kampuni ya City Water, ambayo ndani yake walikuwamo wageni kutoka Uingereza na Ujerumani. Wakopeshaji wa nje walilitaka jambo hilo kama sharti la kusamehewa madeni. Mwezi Mei 2005, hata miaka miwili haijatimia, serikali ilivunja mkataba kwa kuwa malengo hayakufikiwa, kisha nchi ikaingia katika kesi za kimataifa za miaka. Ikiwa jiji lenye wateja wengi namna ile halikuokolewa na biashara, ni mfanyabiashara gani atakayevuta bomba hadi kwenye kitongoji cha kaya arobaini juu ya kilima cha Keza? Mahali pasipo na faida biashara haiendi, na kwa hilo hatuilaumu, maana ndivyo ilivyoumbwa. Tunawalaumu wanaotaka kuikabidhi uhai.

Tupige hesabu ya mezani. Kwa shilingi 50 ndoo, lita moja ya maji ya koki ni shilingi mbili na nusu. Chupa ya lita moja na nusu inayouzwa dukani shilingi 1,000 inakupa lita moja kwa zaidi ya shilingi 660. Kaya ya watu sita, kwa kipimo cha lita 25 kila mmoja, inahitaji lita 150 kwa siku, yaani ndoo saba na nusu, sawa na shilingi 375 kwa siku au 11,250 kwa mwezi. Hata bei hii tunayoiita nafuu ni mzigo kwa mjane asiye na kipato. Mpandishie hadi 500 ya baiskeli, naye atachagua kati ya kuoga na kula.

Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu, akaonya dhidi ya kuyageuza kuwa bidhaa ya kuongozwa na soko. Miaka mitano kabla yake, tarehe 28 Julai 2010, Umoja wa Mataifa ulipiga kura kutambua haki hiyo hiyo. Nchi 122 ziliunga mkono na 41 hazikupiga upande wowote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo 41. Tunaipenda nchi yetu, na kwa sababu hiyo tunalikumbuka jambo hili.

Kanisa nalo

Hatuwezi kufunga kinywa hapa. Ni parokia ngapi zina kisima chenye ua na geti, huku foleni ya madumu ikiwa mita mia mbili kutoka hapo? Ni mara ngapi tumechangia vigae vya sakristia, na hatujawahi kuchangia kifaa cha pampu? WAWATA wanasafisha kanisa kila Jumamosi kwa maji waliyobeba kichwani. Tukae chini tuwaulize waliyatoa wapi.

Ngara imejaaliwa mito. Ruvubu na Kagera zinakutana karibu na Rusumo, na maporomoko yake sasa yanazungusha mitambo ya megawati 80 kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hatuupingi umeme. Wala hatuipingi nikeli ya Kabanga, iliyo wilayani mwetu na inayotajwa kuwa tumaini la ajira kwa vijana. Lakini Kanisa lisiloogopa litauliza maswali mepesi mbele ya watu wote: mradi wowote mkubwa utachukua maji kiasi gani, kutoka wapi, na yatarudi ardhini yakiwa katika hali gani? Anayejibu kwa uwazi ni rafiki wa wilaya. Anayekasirika kwa kuulizwa ametujibu kwa njia nyingine.

Tunachodai

Kwanza, hesabu. Mapato na matumizi ya kila mradi wa maji yasomwe kila baada ya miezi mitatu katika mkutano wa kijiji, na kila jumuiya ipeleke watu wawili wenye kalamu na daftari. Siku ya mkutano itangazwe kanisani baada ya Misa, pamoja na matangazo ya ndoa. Anayepokea fedha kwenye koki atoe risiti, na daftari la pili likae mahali pengine, ili mvua isituponze tena.

Pili, bei. Itoshe matengenezo na mshahara wa fundi, isiwe ya kutafuta faida. Kila jumuiya iwatambue wajane, wazee na wagonjwa wake wasiojiweza, ilipe sehemu yao kimya kimya bila kuwaaibisha. Kuchimba, kulaza mabomba makubwa na kujenga matenki ni kazi ya serikali kwa kodi yetu, na hatutakubali kazi hiyo irudishwe kwenye ndoo ya mama.

Tatu, mikono ya akina mama. Wao ndio wanaojua koki imekauka lini. Basi wawe na ufunguo na sahihi ya benki, badala ya kuitwa kupika siku ya ugeni.

Nne, vyanzo. Kila kigango kichukue chemchemi moja na kuitunza: mikaratusi itolewe, miti ya asili kama mikuyu irudishwe, ng'ombe wawekewe birika pembeni, na mita 60 ziheshimiwe, kuanzia na mashamba ya viongozi wa kanisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa chemchemi iliyokufa hakuna anayeweza kuujenga.

Tano, geti la parokia. Pale Kanisa lenye kisima linapopakana na kijiji kisicho na maji, koki itolewe nje ya ua.

Mtatuambia haya ni mambo ya siasa. Yesu alipokaa kando ya kisima cha Yakobo, akiwa amechoka na safari, hakuanza kwa kuhubiri. Alianza kwa kumwomba maji mwanamke Msamaria aliyekuja mchana wa jua kali. Kisima kile kilikuwa cha umma, kimechimbwa na babu, kikanywesha watoto wake na mifugo yake, na kilikuwa bado kinafanya kazi kizazi baada ya kizazi. Kingekuwa kimefukiwa, mazungumzo yale yangefanyika wapi?

Koki ya kigango chetu bado ina kutu. Wakati tunaandika, tumekwisha kuchanga nusu ya bei ya kifaa, na tumeandika barua ya kuomba hesabu za nyuma zisomwe hadharani. Wengine wametuambia tunatafuta ugomvi. Isaka naye alipita kwenye kisima cha ugomvi na kisima cha uadui kabla ya kufika kwenye kisima cha nafasi. Mkutano ni wiki ijayo, saa nne asubuhi, chini ya mwembe. Tutakwenda na madaftari yetu, na yule binti wa miaka kumi na miwili tumemwomba akae mstari wa mbele, awaeleze wakubwa maji yale ya ubatizo aliyateka wapi.